Njia Iliyo Juu ya Avenyu

Baba alipopooza upande mmoja, daktari alimwagiza jambo moja: atembee kila siku, la sivyo mguu utakufa kabisa. Ni rahisi kusema. Mtaa wetu hapa Goma umejaa mawe ya volkano, makali, hata mwenye miguu mizima hujikwaa. Njia laini ilikuwa moja tu, ile inayopanda kutoka ziwani juu ya avenyu ya zamani, iliyofunikwa na lava nikiwa mtoto. Watu wa mtaa waliipasua lava kwa nyundo, wakamwaga changarawe. Kila asubuhi baba alipita hapo, nami nimemshika mkono.

Siku moja tulikuta ukuta wenye mlango wa bati umekatiza njia. Mwenyewe ni jirani aliyehamia miaka ya karibuni na kujenga nyumba nzuri ya mbao.

"Hapa hakukuwaka njia," alisema, bila haya. "Ni parsele yangu, kiwanja nilinunua."

Damu ilinichemka. Nilimburuta hadi kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu. Karatasi za zamani za viwanja zote ziliungua, kwa hiyo shefu aliamua hivi: waliokaa hapa kabla ya lava waanzie ziwani, mmoja mmoja, kila mtu aweke jiwe mahali avenyu ilipokata kona. Wengi wakikubaliana kwamba ni ndani ya ukuta, ukuta unavunjwa.

Tulibaki watatu: mimi, mama mmoja muuza mikate, na baba. Nilitangulia, maana mimi kujiamini sikuazimi kwa mtu. Nilihesabu hatua zilezile nilizohesabu nikichota maji utotoni, nikaweka jiwe, nikarudi kifua mbele.

Jiwe langu lilikuwa mbali, limepita kiwanja chote cha jirani, nje ya ukuta! Kwa hesabu yangu, jirani alikuwa na haki. Shefu alikariri mahali, akaliokota ili mwingine asiige. Mama wa mikate akafuata, akaweka lake ndani, karibu na mlango wa bati. Aliporudi alinicheka.

"Ulihesabu na miguu ya leo, mama. Ile wakati ulikuwa katoto."

Sasa mguu wa baba ulikuwa mikononi mwa baba mwenyewe. Niliogopa, nasema kweli, maana siku hizi husahau hata kama amekunywa chai. Nilitaka kumwonyesha kwa jicho, lakini shefu alikuwa ananitazama.

Baba alikataa mkono wangu. Akapanda akiburuta mguu, jiwe kwapani, wala hakuangalia chini hata mara moja. Alitazama juu, kaskazini. Miaka mingi alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa viazi, na kila dereva wa chukudu alijua kwamba kwenye kona ile Nyiragongo, mlima wa moto wenyewe, hutokea mzima kando ya bega la Mlima Goma. Lava ilizika avenyu, mlima haikuuhamisha. Alipouona mzima alisimama, akaliachia jiwe. Likaangukia palepale shefu alipookota la mama wa mikate.

Nilipiga vigelegele bila aibu. Shefu akamwambia jirani avunje. Yule bwana alikubali, sauti imeshuka, kisha akamgeukia baba.

"Papa, wewe ulikuwaka unaikala wapi?"

Baba aliinua mkono wake mzima, akaonyesha nyumba mpya ya mbao ya jirani.

Miaka yote nimewaonyesha wanangu mahali pengine, huko juu, nikiwaambia ndipo nilipozaliwa. Baba alikuwa akinisikia, hakunisahihisha. Na kila asubuhi tulipita mbele ya nyumba hiyo, akiwasalimu wenyewe kwa heshima.

Jirani alitazama miguu yake, kisha mlango wake.

"Usiogope, mutoto yangu," baba akamwambia. "Nyumba yangu iko chini ya yako. Siombi nyumba. Naomba njia tu."