Tazama Milima Kabla ya Ziwa

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya swali lako moja, mwanangu Rehema: "Mjomba, msitu wa Kigwena utanipeleka lini?" Nikajibu, "Tutaona." Mvua zilikuwa zimeanza, njia za msituni zinateleza, nawe ulibakiza siku tatu urudi Uvira kwa mama yako. Je, ukianguka? Je, nikikunyima, na mwakani usiniombe tena?

Mimi si mzee. Ndevu zangu zahesabika, na diploma yangu bado inatafuta kazi. Lakini kuna jambo dada yangu, yaani mama yako, hakukusimulia.

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu kama huu, nikiwa na miaka kumi na mitano. Mimi na mama yako tulimdanganya bibi yako kwamba tunakwenda sokoni, kumbe tunashika njia ya Kigwena. Babu yako alikuwa mvuvi, basi nikafanya kama yeye: nikatazama ziwa. Limetulia, mbingu juu yake nyeupe. "Leo hakuna mvua," nikasema kama nahodha. Tukavuka kijito kilichofika vifundoni, tukaingia. Ee mwanangu, harufu ile ya majani mabichi! Nyani walitukemea kutoka juu, mama yako akawakemea naye, akicheka hadi akashika mti asianguke.

Tuliporudi, kijito kilikuwa mto mwekundu unaosukuma magogo. Nikaanza kuvua viatu. Ng'ambo, mzee mmoja aliyekuwa akikata mikungu ya michikichi akapiga kelele:

"We! Ukitia muguu humo nitakuchapa na ubapa wa panga!"

"Atatuchapaje, naye iko ng'ambo?" mama yako akaninong'oneza.

"Mvua haikunyesha, mzee!" nikajitetea.

"Mutoto wa muvuvi weye! Munaangalia ziwa tu. Maji ya huku inatoka mulimani, na kule iko inanyesha tangu asubuhi. Ikaa chini! Nani anajua muko hapa?"

Hakuna aliyejua. Hapo mama yako akaacha kucheka. Tulikaa hadi alasiri, maji yakapungua, mzee akatuvusha mmoja mmoja. "Musitu haina ubaya," akaniambia. "Ubaya ni kuingia kama mwizi."

Sikurudi tena. Mama yako akaolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka, nami nikawa naupita msitu ule kwa basi, nikiukodolea macho kama mtu aliyeachwa. Miaka kumi na miwili, na woga wangu niliuita busara! Kicheko kile cha mama yako sijakisikia tena kikiwa huru vile.

Basi shika haya, mwanangu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hawakusema tahadhari badala ya safari. Msimu wa mvua tazama milima kwanza, ndipo ziwa. Mwambie mtu wa nyumbani uendako, na saa ya kurudi. Vaa viatu vinavyoshika tope, na nyani usimpe chakula hata ukimwonea huruma. Kijito kikibadilika rangi, baki upande uliopo, ijapokuwa wenzako wanakucheka. Mungu akupe miguu ya kwenda na moyo wa kugeuka, na kila njia yako iwe na mtu anayekungoja.

Jumamosi milima ilikuwa wazi. Nilimwambia bibi yako ukweli, nikamwomba mlinzi wa hifadhi atutangulie, nikakushika mkono, tukaingia.