Ngiri imepona, maumivu yamebaki, na mke wangu hataki nipasuliwe tena

Habari zenu ndugu wa ukurasa huu. Admin, jina langu naomba libaki kwako, maana huku Muleba tunafahamiana. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, mkulima wa migomba na kahawa huku Kishanda. Nina mke na binti mmoja wa darasa la tatu, tumwite Koku.

Nilianza na uvimbe kwenye kinena, upande wa kulia. Nikilala unarudi ndani, nikibeba mkungu wa ndizi unatoka. Hospitali wakasema ni ngiri, wakanipasua na kuzishona nyama zilizokuwa zimeachia. Nilipumzika kama nilivyoelekezwa, mke wangu akawa ndiye anabeba kila kitu, lakini haukupita mwaka uvimbe ukarudi palepale. Nikapelekwa Bukoba mjini. Daktari wa huko akanieleza kuwa nyama zangu ni dhaifu, zikishonwa peke yake zitaachia tena, hivyo ataweka wavu wa kuzishikilia. Nikakubali. Na kweli, tangu hapo uvimbe sijauona tena.

Kilichokuja badala yake ni maumivu. Moto unatoka kwenye kovu, unashuka ndani ya paja hadi kwenye korodani. Nikikaa kwenye benchi la kanisani unachoma, nikiinama kupalilia unachoma. Kibaya zaidi ni tendo la ndoa. Mwishoni nasikia kama nachanwa na wembe, nikaanza kulikwepa. Kila niliyemwambia kuhusu maumivu aliangalia kovu, akaona limekauka vizuri, akasema nimepona. Baba yangu alitamka mbele ya kaka zangu kwamba nimezoea kubebewa.

Mke wangu akaamini nina mwanamke. Hakugomba. Alihamia kitandani kwa mtoto, baadaye akaenda kwao Maruku, akakaa huko mpaka wazazi wake waliponiita. Sasa ndugu zangu, mbele ya baba mkwe na mama mkwe ungeanzaje kutaja korodani? Nilinyamaza, wao wakachukua kwamba nimekiri.

Nilimwomba mke wangu jambo moja tu, twende wote kwa daktari Bukoba. Akakubali. Daktari alibonyeza pembeni ya kovu, nikaruka, mke wangu akaona kwa macho yake. Tukaelezwa kwamba mshipa wa fahamu umenaswa kwenye kovu na ule wavu. Akanianzishia vidonge na sindano za ganzi, lakini nafuu haikudumu, tukarudi kwake wote wawili. Akasema kilichobaki ni kupasua tena, kuondoa wavu na kuukata ule mshipa. Alisema wengi hupata nafuu, ila si wote. Ngiri inaweza kurudi, na korodani ya upande huo inaweza kukosa damu ikafa. Mke wangu akauliza kama tutaweza kupata mtoto mwingine. Daktari akajibu kwamba moja ikiwa nzima kwa kawaida inatosha, lakini hawezi kuapa.

Tulirudi kwa basi. Tulipokaribia Muleba akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Koku, bora ungekuwa na mwanamke. Huyo ningemfukuza."

Amerudi nyumbani, lakini habari ya kupasuliwa hataki kuisikia. Anasema visu viwili vimetosha, tumwombe Mungu mtoto wa pili kabla umri haujamwacha. Huyo mtoto atapatikanaje, wakati akinisogelea tu mwili wangu unakakamaa? Tulijaribu. Nililia mimi, akalia yeye, tukageuziana migongo.

Daktari ananisubiri nimpe jibu. Jana nilimwambia mke wangu kwamba nataka kwenda. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Akasema, "Nenda. Ila wa kukuuguza utafute, mimi sitakuja kuangalia wanavyokumaliza."

Nikikubali kisu, naweza kumpoteza mke, pengine na uwezo wa kuzaa. Nikikataa, nabaki kwenye moto huu, naye anabaki na mume wa jina tu. Ninyi mliorudishwa chumba cha upasuaji baada ya kuwekewa wavu, mlitokaje? Na ninyi kina mama, mngekuwa yeye, mngetaka mume wenu afanye lipi? Niambieni, maana mimi kila upande ninaogeukia naona nimefungiwa.