Boksi la Bibi Loretta

Harufu ya magazeti makuukuu, ile ya vumbi lenye unyevu, hunitia haya mpaka leo. Ndiyo harufu ya boksi alilotuachia Bibi Loretta, jirani yetu Mmarekani mweusi, hapa Buffalo, Marekani, nilipokuwa darasa la tano. Alikuwa anakwenda Columbus kumwuguza dada yake, na paa lake lilivuja. Akaniagiza nimwambie mama atunze makaratasi hayo, ameyakusanya tangu usichana wake Louisville, na watu wa chuo kikuu kule Amherst watayafuata. Nikamwambia. Mama akaitikia kwa heshima zote, akalisukuma boksi chini ya kitanda.

Mama hakujua Kiingereza, hivyo kazi yangu nyumbani ilikuwa kumsomea: bili, barua za shule, hata maandishi ya pakiti za unga. Basi mama alipotaka kujua tumewekewa nini, nikafungua. Magazeti matupu, na picha zake: maduka yanawaka moto. Vijana weusi wamenyoosha mikono juu, askari wamewaelekezea bunduki. Nikasoma kwa madaha kama mtangazaji wa redio, maana ni lini tena mama angenisikiliza hivyo? Nikafika kwenye majina ya watu waliokutana kanisani kudai haki zao. Akanikatiza.

“Na wanapoishi pameandikwa?”

“Ndiyo, mama.”

Akashika kichwa. Kwao Burundi, karatasi ya namna hiyo ikikutwa ndani, wenye majina wamekwisha na wenye nyumba wamekwisha. Nikamwambia ni mambo ya zamani, mama. Akasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nikome kubisha.

Kesho yake nilipotoka shule nikamkuta uani, kwenye jiko la kuchomea nyama, anayachoma magazeti yote. Alikuwa ametulia kabisa, eti amemwokoa Bibi. Nilijua watu wa chuo watakuja. Nilisimama na begi langu mgongoni nikatazama tu.

Bibi aliporudi, mimi ndiye niliyemweleza. Alikaa kwenye ngazi zetu, mkono kifuani.

“Sasa nani ataamini yaliyotupata?” akauliza.

Mama akataka kujua amesema nini. Nikamwambia amesema asante. Mama akafurahi, masikini, akaingia ndani kumpakulia maharage.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza mama kwa nini hatuna picha hata moja ya babu. Akajibu, “Nilizichoma mwenyewe kule Burundi, zisikutwe ndani. Sura yake imeanza kunipotea.” Mtaa mzima ule, hakuna ambao wangeelewana kuliko wanawake wale wawili, na mkalimani wao nilikuwa mimi.