Makoti Matatu ya Kijivu

Kaka mkubwa wa ndugu watatu Wazungu alikuja kwangu Rexdale na picha ya kale mkononi. Alikuwa ameona tangazo langu la ushonaji kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu. Pichani walikaa vijana watatu bega kwa bega, makoti ya aina moja, vifungo safu mbili, ndevu za kuhesabika. "Ni babu zetu wa Tennessee, ndugu wa tumbo moja," akaniambia. Yeye na wadogo zake wawili walitaka makoti kama yale, ya kijivu, kwa ajili ya shughuli ya Julai. Akataja na neno refu la Kiingereza ambalo sikulishika, nami si mtu wa kuuliza mara mbili.

Ndugu watatu, sare, shughuli: kwa mtu wa Tanga hiyo ni nini kama si harusi? Nilifurahi mno. Tangu nifike Kanada nilikuwa nafupisha suruali na kubadilisha zipu tu. Hakuna aliyewahi kuniachia kitambaa kizima nikate mwenyewe. Siku ya kujaribisha walijipanga mbele ya kioo, wamependeza, nikashindwa kujizuia nikawapigia vigelegele. Yule mdogo aliruka kwa mshtuko. Nikawaambia ndivyo tunavyoshangilia kwetu.

Jioni binti yangu, aliyekuwa akisoma historia chuo kikuu, aliyakuta makoti yamening'inia mlangoni. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza. Siku hiyo alitafuta Kiswahili makusudi, nisikose neno.

"Mama, hizi ni nguo za askari wa Kusini, wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Walipigana ili watu weusi waendelee kuwa watumwa."

Akaingia chumbani, wali niliompakulia ukapoa.

Niliona aibu, kisha hasira, tena hasira zaidi kwa sababu makoti yalikuwa mazuri. Nikachukua wembe, nikafumua mkono mmoja wa koti la kaka mkubwa. Nilipoanza wa pili nikamkumbuka bibi yangu, alivyokuwa akishusha sauti kila alipogusia nani katika ukoo wetu aliuzwa, na nani aliuza. Nikaweka wembe chini. Nikampigia simu yule bwana aje.

"Mnawasifu?" nikamuuliza kabla hajaketi.

Aliuona mkono wa koti mezani, akaelewa. Akasema shughuli yenyewe ni maigizo ya vita hivyo, ya kuonyesha watu. Nyumbani kwao wamelelewa kuambiwa wale babu walikuwa wakulima wema tu, basi. "Walipigania uovu. Wawili walifia huko, wa tatu akasalimu amri. Tunataka watoto wetu waone."

"Na katika maigizo kila mara mnashindwa?"

"Kila mara."

Nikamwita binti yangu asikie mwenyewe. Alimhoji yule mtu kwa Kiingereza cha kasi, mimi nimekaa na sindano yangu, nikijua kwamba akikataa nitayafumua yote. Mwisho akanigeukia. "Mshonee, Mama. Lakini twende tukaone."

Julai tukakaa kwenye majani nje ya mji, na chupa ya chai na maandazi. Moshi wa baruti ulipotawanyika niliwaona wanangu wa kijivu wakija mbio, mabega yamekaa sawasawa. Wa kati akaanguka. Mdogo akaanguka kwenye tope, na koti langu! Kaka mkubwa akatupa bunduki, akainua mikono juu kabisa, na ule mkono nilioufumua haukuvuta hata kidogo. Wa bluu, askari wa Kaskazini, wakapita wameshinda.

Watazamaji walinyamaza kwa heshima. Mimi nikasimama, nikapiga vigelegele kwa pumzi zangu zote. Wale maiti wawili wakaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Kisha nikasikia vigelegele vingine kando yangu, vyembamba, vya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza. Binti yangu, ambaye hata dukani hunikataza kusema kwa sauti, alikuwa amesimama.