Swali Nililomjibia Mke Wangu

Mke wangu alikuwa akipepeta mbaazi uani ungo ulipomponyoka. Alitaka kuuokota, mkono wa kulia ukakataa, akanitazama kwa mdomo uliokwenda upande. Nilidhani ni jua. Nikamletea maji, yakamwagikia kifuani. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitalini Machakos mjini, nami njia nzima nilikuwa nikimwambia asilale, kana kwamba usingizi ndio uliokuwa tatizo.

Picha ya kichwa ilionyesha donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Kiharusi. Neno hilo nililielewa. Yaliyofuata sikuyaelewa. Presha yake ilikuwa sawa, sukari sawa, mishipa ya shingo safi. Mashine ya moyo ilichora mistari mizuri. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, alisema hupata wagonjwa wa namna hiyo, ambao donge linaonekana lakini halijulikani lilikotoka.

"Sasa linaweza kuwa limetoka wapi?" nikauliza.

Alinieleza kwa subira. Huenda moyo hupoteza mdundo mara moja moja, damu ikatuama humo na kuganda, kisha moyo ukarudi sawa kabla mashine haijauona. Huenda kuna tundu dogo kati ya vyumba vya moyo, ambalo halikuziba tangu kuzaliwa, likapitisha donge kutoka mguuni. Huenda kuna ugonjwa mwingine uliojificha, unaofanya damu igande upesi. Kisha akauliza, "Moyo wake huwa unaenda mbio bila sababu? Unarukaruka?"

Mke wangu hakuweza kusema. Nikajibu mimi. "Hapana, daktari. Ningejua."

Mama mkwe wangu alikuwa nje kwenye benchi, na lazima nieleze kwa nini. Kwetu Ukambani mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake. Ni heshima, tunaiita nthoni. Vijana wa leo wanakula meza moja na mama wakwe zao na kupigwa picha wamekumbatiana, lakini sisi wawili tuliishika nthoni tangu nilipooa. Akiingia wodini, mimi natoka. Nikiingia, yeye anatoka, leso imefunika uso. Basi mwenye jibu alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikuwa ndani nikijivunia adabu yangu.

Daktari alituonya kwamba chanzo kisipopatikana kiharusi kinaweza kurudi, na cha pili huenda kikamchukua. Tangu aruhusiwe kurudi nyumbani sikutulia. Nilitupa chumvi. Nilibadilisha mafuta ya kupikia. Nilimkataza mke wangu kuinuka, kisha nikasoma kwenye simu kwamba kukaa sana kunagandisha damu, nikaanza kumtembeza uani mpaka akanisukuma kwa mkono wake mzima. Nilikuwa nikienda shambani, nakata nyasi kidogo kwenye matuta, narudi kutazama kama anapumua. Mama mkwe, aliyekuwa akija mchana kumuuguza, akinisikia mlangoni alikohoa, nami nikageuka kurudi shambani.

Siku moja sikufika hata tuta la pili. Nilirudi kwa nyuma ya jikoni, nikamsikia mama mkwe akimuuliza binti yake, "Imekuja tena?"

"Asu... buhi," mke wangu akasema. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, moja moja.

"Vile vile? Kama kuku ndani ya gunia?"

"Ee."

"Ni nini imekuja?" nikauliza kupitia ukuta wa mabati.

Mama mkwe akasema, "Nani huyo amesimama nyuma ya jikoni kama fisi anangoja mifupa?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani? Niko na wakwe watatu."

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anaingia kwa mlango. Na usiingie, nimenyoosha miguu."

"Mama, tafadhali. Ni nini imekuja asubuhi?"

"Moyo. Unakimbia, unasimama, unakimbia tena. Tangu azae kitinda mimba. Kwani wewe unalala na nani?"

Mke wangu alichukua muda kulipata neno lake. "Nili... mwambia. Akasema... chai."

Ilikuwa kweli. Zaidi ya mara moja, tukipalilia, aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani pake, nami nikamwambia apunguze majani ya chai na tumalize mstari kabla ya mvua. Sikuwa nimesahau. Nilipomjibu daktari sikuona kuwa nasema uongo, kwa sababu jambo lile sikuwahi kulihesabu kuwa ugonjwa. Nililihesabu kuwa uvivu.

Kesho yake tulikwenda mjini sote watatu kwa gari la jirani, mama mkwe mbele, mimi nyuma nimegeukia dirisha. Tulipofika kwa daktari nikasema nitangoja nje.

"Aibu utamwachia nani humu ndani?" mama mkwe akasema bila kunitazama. "Kaa. Geuza kiti."

Nikakigeuza, nikatazama ukuta. Daktari akauliza swali lile lile. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaufunga.

"Haya, susu, nieleze," daktari akamwambia mama mkwe, akimwita nyanya kwa Kikamba, naye akaeleza yote. Kisha daktari akamuuliza mke wangu. "Ukianza, unachukua muda gani?"

Mke wangu akatafuta maneno. Nilitamani kumsaidia, ila sikuwa na cha kumsaidia nacho.

"Mpaka... ugali... uive," akasema.

Walimvalisha kifaa kidogo kifuani, akae nacho mchana na usiku. Kikaunasa moyo ukikimbia. Daktari alinionyesha mistari iliyovurugika katikati ya ile mizuri, akaandika dawa ya kuzuia damu isigande, akatuonya asiruke hata siku moja.

"Kwa hiyo hiki ndicho kilicholeta kiharusi?"

"Inaelekea hivyo, mzee. Kuapa siwezi."

"Na kama ningekujibu sawasawa siku ile?"

"Kiharusi kilikuwa kimeshatokea."

"Na kama ningemleta wakati alipokuwa akiniambia?"

Daktari akapanga karatasi zake. Mke wangu ndiye aliyejibu, polepole, mkono wake wa kulia umelala pajani.

"Usi... muulize yeye. Niulize mimi."

Namuuliza kama amemeza dawa. Namuuliza kama moyo umetulia, mpaka ananiambia nimwache apumzike. Lile moja bado sijamuuliza.