Wageni wa Mama Darubini

Watu wa maabara walimwita Mama Darubini, wala hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kusoma vinyama, vipande vidogo vilivyotolewa kwa wagonjwa: vinakatwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vinatiwa rangi, vinabandikwa kwenye kioo, naye anasema ni ugonjwa gani. Kabla ya kuinamia darubini hupiga hodi. Wifi yake alimcheka: "Wewe wifi, siku wakikuitikia 'karibu' utatoka mbio bila viatu!"

Asubuhi ile alipiga hodi kama kawaida. Kinyama kilikuwa cha titi, na daktari wa upasuaji alishapanga kuliondoa lote kesho yake. Uvimbe ulikuwepo kweli, tena mbaya, ila seli zake hazikufanana na za titi hata chembe. Zilikuwa na madoa ya kahawia iliyokoza, kama masizi. Hawa hawakuzaliwa humu. Walihamia, wakakaa kimya, wakajifanya wenyeji.

Akampigia simu yule daktari wa upasuaji. "Usimkate kwanza. Huu umetoka kwingine. Niletee mgonjwa mwenyewe nimwone."

Mgonjwa akaja, mama mchangamfu, mkoba kwapani. Mama Darubini akamkagua ngozi, nyayo, hadi kucha. Hakuna kitu. Lakini kila alipomzunguka, jicho la kulia lilimfuata, la kushoto likabaki linatazama ukuta.

"Hilo jicho, dada?"

"La bandia, daktari. Langu lilitolewa nikiwa msichana. Nyumbani walisema lilichomwa na mwiba."

"Huo mwiba uliuona?"

"Mwiba sikumbuki. Nakumbuka doa jeusi, lilikuwa linakua."

Mama Darubini akaelewa: doa lile ndilo lililokuwa kansa. Jicho lilitolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia kutoka. Ukajificha mwilini miaka yote hiyo, mama huyu akiolewa, akizaa, akinyonyesha.

"Kwa hiyo si kansa ya titi?"

"Haikuanzia kwenye titi. Na kesho hukatwi."

"Jamani! Asante, daktari!" Akamkumbatia, akachomoa simu. "Baba Watoto, hawanikati! Titi wanasema halina kosa!"

Mama Darubini alimwacha acheke na mumewe mpaka amalize. Aliogopa sana. Akikata simu atamwambia kwamba ini lake, ambako kansa ya jicho hupenda kuhamia, lazima lipigwe picha leo hii, na moyoni alishajua watakachokikuta.