Friji ya Chaki

Kila stima inaporudi baada ya kupotea, friji yangu hushtuka kisha ikaanza kunguruma polepole, nami husimama kidogo hata kama nina sufuria mkononi. Mngurumo ule hunirudisha Kaloleni, kwenye chumba kimoja tulichoishi sisi wanne: baba, mama, mimi Mwende na mdogo wangu Musyoka.

Kulikuwa na vitanda nyuma ya pazia, makochi, meza, stovu kwenye kona, na kabati la mama. Hilo kabati, jamani! Lilikuwa na milango ya vioo, na ndani yake glasi zenye maua ya dhahabu ambazo hakuna aliyewahi kunywea. Bibi, mama yake mama, alimpa kabati hilo alipoolewa, likaletwa kutoka Machakos juu ya basi. Jumamosi mama alilipaka mafuta ya mbao, tukashinda tukinukia kama duka la fanicha.

Musyoka alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Dawa yake ya sindano ilihitaji baridi, nasi tuliiweka kwenye friji ya jirani yetu, Mama Shiru. Jioni moja alikuja, akakaa akizungusha kikombe cha chai bila kunywa.

“Mama Mwende, nyumba yetu ya Njiru imeisha kujengwa. Tunahama. Lakini dawa ya mtoto, sijui nikwambie nini.”

Mama alimpongeza kwa moyo wote. Jirani alipotoka, baba, aliyekuwa dereva wa lori, alisema angeweza kupata friji ya mitumba kwa mtu aliyemfahamu.

“Lakini tutaiweka wapi, Mama Mwende? Labda tulale ndani yake.”

Mama aliniomba chaki. Baba akamwonyesha upana kwa mikono, naye akachora friji sakafuni.

“Hii ndiyo friji. Hakuna kukanyaga!”

Karibu na dirisha ingemzuia mtu kupita. Kando ya stovu ingeungua. Mama alifuta, akachora tena, nasi tukawa tunaizunguka kama shimo, hata wageni. Watoto wa mtaa walinicheka: “Niaje Mwende, friji yenu imeshagandisha maji?” Nami niliwajibu kwa madaha, “Bado, inangoja stima.”

Mwishowe ilibaki sehemu moja tu, pale palipokuwa na kabati. Mama alisimama mbele ya kabati kwa muda.

“Baba Mwende, litoe. Tumpe Mama Shiru, yeye ana nafasi.”

“Kabati la mama yako?”

“Mtoto wangu hatakosa dawa kwa sababu ya glasi.”

Friji ilikuja kwa mkokoteni, ya kijani, imebonyea ubavuni. Ilikataa kupita mpaka baba akang’oa mlango wa nyumba, na wanaume wa laini yetu ya nyumba wakaisukuma huku kila mmoja akitoa amri. Taa ya ndani ilipowaka, tulipiga makofi. Mama aliweka dawa ya Musyoka kwanza, kabla ya maziwa, kabla ya kitu chochote. Jioni hiyo tulinywa maji baridi kwenye zile glasi za maua, maana hazikuwa tena na pa kukaa.

Shuleni nilitangaza kwamba tuna friji. Nilipomwona mama akitembea mtaani ameinua kichwa, nilidhani anaringia friji kama mimi. Mpaka nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba kati ya vitu vyote vya nyumba ile, alichoondoa ndicho pekee alichotoka nacho kwao. Na hakuwahi kukitaja, hata siku moja, hata alipokasirika.

Siku hizi Musyoka ni mrefu kuliko baba. Akija kumwamkia mama, inabidi ainamishe kichwa ndipo apite mlangoni, na kila mara mama huacha alichokuwa akifanya, akamtazama anavyoinama.